Safu mbili za mbele: mlipuko wa UVIKO-19 aina ya Delta katika shule ya msingi ya Marin, Mei 2021

Jumatano ya tarehe 19 Mei 2021, mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco, alianza kuziba pua na kuhisi uchovu. Akadhani ni mzio. Mei huko ni msimu wa chavua, na watu wengi hupiga chafya bila kushtuka. Akaendelea kufundisha. Baadaye kikaja kikohozi, mwili ukawa na joto, kichwa kikauma. Ijumaa tarehe 21 alikwenda kupima. Jumapili tarehe 23 akaiarifu shule kwamba majibu yametoka na ana UVIKO-19.

Siku moja kabla ya taarifa hiyo kufika, watoto walikuwa wameshaanza kuugua.

Hesabu ilipofungwa, walioambukizwa walikuwa 27: mwalimu mwenyewe, wanafunzi 12 wa darasa lake, wanafunzi 6 wa darasa jingine, wanafunzi 4 wa madarasa tofauti ambao ni ndugu wa walioambukizwa, na wazazi 4. Ishirini na wawili kati yao walipata dalili, hasa homa, kikohozi, kuumwa kichwa na koo kuwasha. Namshukuru Mungu kwamba hakuna hata mmoja aliyelazwa hospitali. Maafisa wa afya wa kaunti walikifuatilia kisa hiki hatua kwa hatua, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikachapisha ripoti yake mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo.

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Nimezisoma ripoti nyingi za miaka ile, lakini hii ndiyo ninayoirudia. Shule hii haikuwa ya wazembe. Ilifanya karibu kila jambo tuliloambiwa sisi walimu tufanye, na mengine mengi ambayo uwezo wetu haukuyafikia. Na bado nusu ya darasa iliambukizwa ndani ya siku chache. Ninataka kuelewa palipopasuka, kwa sababu pale palipopasuka kwao ndipo palipo dhaifu hata kwetu.

Shule ilivyojipanga

Shule ilikuwa na wanafunzi 205, kuanzia darasa la awali hadi la nane, na wafanyakazi 24. Kila darasa lilikuwa na mkondo mmoja tu, kwa kawaida wa watoto kati ya 20 na 25, katika chumba chake. Madawati yalipangwa kwa umbali wa futi 6, karibu mita 1.8. Milango na madirisha yaliachwa wazi. Kila chumba kilikuwa na mashine ya kuchuja hewa yenye kichujio cha HEPA, aina inayonasa chembe 9,997 kati ya kila 10,000, hata zile ndogo za maikroni 0.3. Barakoa zilikuwa lazima kwa kila aliye ndani, mkubwa kwa mdogo. Wazazi walipohojiwa baadaye, maelezo yao yalionyesha kwamba watoto walizivaa barakoa vizuri na kukaa mbalimbali darasani kama walivyoelekezwa. Ninalisisitiza hilo kwa sababu watu wazima hupenda kudhani kwamba watoto wadogo hawawezi kutulia na barakoa. Hawa waliweza.

Kuhusu chanjo, wafanyakazi wote walikuwa wamechanjwa isipokuwa walimu wawili. Mmoja wa hao wawili ndiye huyu tunayemzungumzia. Katika mji wenyewe, asilimia 72 ya watu wenye sifa ya kuchanjwa walikuwa wameshakamilisha dozi zao. Ni kiwango ambacho nchi nyingi za dunia wakati ule zilikitamani tu.

Watoto wa darasa lake, ambao wote umri wao ulikuwa haujafikia wa kuchanjwa, hawakuwa na nafasi hiyo. Marekani iliruhusu chanjo ya Pfizer kwa watoto wa miaka 12 hadi 15 tarehe 10 Mei 2021, siku chache kabla ya mkasa huu. Walio chini ya hapo walingoja hadi mwisho wa Oktoba, na chanjo ilipokuja ilianzia miaka 5. Kwa hiyo darasa zima la watoto 24 lilikuwa halina hata mmoja aliyechanjwa, na hakuna mzazi aliyeweza kubadilisha jambo hilo. Kinga yao ilikuwa barakoa zao, hewa ya chumba, na watu wazima waliowazunguka.

Chumba chenye safu tano

Darasa lilikuwa na safu tano za madawati, na dawati la mwalimu lilikuwa mbele. Wachunguzi walichora nani alikaa wapi, kisha wakaweka alama kwa kila aliyeambukizwa.

Safu mbili za mbele zilikuwa na watoto 10. Walioambukizwa ni 8, yaani asilimia 80. Safu tatu za nyuma zilikuwa na watoto 14. Walioambukizwa ni 4, karibu asilimia 29. Wachunguzi walipima kama tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu, wakakuta kwamba bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho chini ya mara 4 katika 100. Watoto wawili kati ya 24 hawakupimwa, nao wamehesabiwa kama wazima. Yawezekana basi idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi kidogo, lakini haiwezi kuwa ndogo zaidi.

Ripoti inasema jambo moja kwa sentensi fupi, nami nimelikalia muda mrefu: kuna nyakati mwalimu alivua barakoa ili awasomee watoto kwa sauti.

Kila anayefundisha watoto wadogo analijua tendo hilo. Unasimama mbele na kitabu kimeinuliwa ili waone picha, unabadilisha sauti ya sungura na ya fisi, midomo yako inaonekana, na watoto wa mbele wanajisogeza bila wewe kuwaambia. Ndicho kipindi kizuri kuliko vyote vya siku. Mtoto anayejifunza kusoma huangalia mdomo wa mwalimu kuliko anavyoangalia ubao. Sijui mwalimu mwema ambaye hakuwahi kutamani kuivua barakoa ile kwa dakika kumi tu. Kilichotokea Marin kilitokea ndani ya tendo la upendo, na ndiyo maana kinatisha.

Kusoma kwa sauti ni miongoni mwa namna rahisi za kumwaga virusi hewani. Mtu anapopumua kimya hutoa chembechembe chache za unyevu. Akizungumza zinaongezeka, akipaza sauti zinaongezeka zaidi. Zile kubwa huanguka karibu, meta moja au mbili kutoka mdomoni. Zile ndogo hubaki zikielea na kusambaa chumbani. Fikiria moshi wa kuni jikoni. Aliyekaa karibu na mafiga macho yanamtoka machozi hata kama mlango uko wazi. Aliyekaa mlangoni anasikia harufu tu, na wakati mwingine upepo ukigeuka naye anakohoa. Dirisha na mlango huuondoa moshi uliokwisha kutanda, lakini yule aliye karibu na moto ameshauvuta kabla haujafika dirishani.

Mashine ya HEPA nayo ni hivyohivyo. Inasafisha hewa inayoifikia. Watoto wa safu mbili za mbele walikuwa karibu na mdomo wa mwalimu, na pumzi yake huenda iliwafikia kabla haijaifikia mashine.

Kwa hiyo ninaisoma picha ile ya safu tano kwa namna mbili kwa pamoja. Nyuma, umbali, madirisha na vichujio huenda vilifanya kazi kubwa: watoto 10 kati ya 14 hawakuonekana kuambukizwa, ingawa walikaa chumba kimoja na mgonjwa wa Delta kwa siku kadhaa. Mbele, vitu hivyohivyo vilishindwa. Barakoa za watoto hazikutosha kuziba pengo lililoachwa na barakoa ya mtu mmoja. Barakoa ya kitambaa au ya kawaida huzuia vizuri zaidi pale chembe zinapotoka mdomoni, zikiwa bado nzito na hazijasambaa, kuliko inavyozuia pale zinapoingia puani kwa mwingine. Ya chanzo ikivuliwa, za wengine wote zinabebeshwa mzigo ambao hazikutengenezewa.

Jumatano, au Jumatatu?

Watu wengi wakikisikia kisa hiki husema mara moja: angebaki nyumbani Jumatano, yote yasingetokea. Nilisema hivyo pia mara ya kwanza. Lakini tarehe zenyewe zinakataa.

Mwalimu alifundisha wiki nzima, kuanzia Jumatatu tarehe 17 hadi Ijumaa tarehe 21. Dalili zake zilianza Jumatano. Watoto wa kwanza walianza kuugua Jumamosi tarehe 22. Kirusi cha Delta huchukua kama siku 4, pengine pungufu, tangu kimwingie mtu hadi dalili zitokee, na aliyeambukizwa huanza kuambukiza wengine karibu siku mbili kabla hajajisikia vibaya. Mtoto aliyeugua Jumamosi huenda alikipata Jumanne au Jumatatu, mwalimu akiwa bado anajiona mzima kabisa. Kubaki nyumbani Jumatano kungewaokoa baadhi, pengine wengi, maana Alhamisi na Ijumaa ndizo siku ambazo angekuwa mbali nao huku akikohoa. Kungepunguza, kusingefuta.

Jumatatu na Jumanne mtu huyu hakuwa na dalili yoyote ya kumwonya. Siku hizo mbili kinga ya watoto ilikuwa mikononi mwa mambo yanayotangulia dalili: chanjo ya mtu mzima na barakoa usoni mwake. Chanjo haikuwepo. Barakoa ilikuwepo, ila kuna nyakati ilivuliwa. Jumatano ndipo ilipokuja zamu ya kinga ya tatu, ile ya kubaki nyumbani, nayo ikapitwa kwa sababu dalili zilifanana na mzio. Kupima nako kulikuja Ijumaa. Ukiziangalia kinga hizi moja moja, kila moja ina tundu la kusameheka. Siku ile matundu yalikaa kwenye mstari mmoja.

Ningekosa uadilifu nikisema chanjo peke yake ingemaliza kila kitu. Kati ya watu wazima watano walioambukizwa, ni mwalimu na mzazi mmoja tu ambao hawakuwa wamechanjwa. Wazazi watatu waliobaki walikuwa wamekamilisha dozi zao na bado wakaugua, pengine wakiwahudumia watoto wao wagonjwa nyumbani, mahali ambapo hakuna futi 6 wala barakoa. Delta ilikuwa na uwezo huo. Lakini kati ya wafanyakazi wengine wa shule hakuna aliyehesabiwa miongoni mwa walioambukizwa. Chanjo hupunguza uwezekano kwamba mtu ataingia darasani na kirusi, na kwa watoto ambao wao wenyewe hawawezi kuchanjwa, upungufu huo ndio uliokuwa ulinzi wao mkubwa.

Ng'ambo ya ua

Darasa la pili lililopata wagonjwa lilikuwa la watoto waliotofautiana na wale wa kwanza kwa miaka mitatu. Kati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na ua mpana wa wazi wenye meza za chakula zilizozungushiwa utepe wa manjano ili zisitumike. Kwa macho ya mkaguzi, madarasa haya yalikuwa yametenganishwa vya kutosha.

Darasa hilo lilikuwa na watoto 18. Waliopimwa ni 14, na 6 wakakutwa na maambukizi. Dalili zao zilianza kati ya tarehe 22 na 31 Mei. Wachunguzi walipouliza zaidi, ikajulikana kwamba usiku wa tarehe 21 mtoto mmoja wa darasa hilo aliwaalika wenzake wawili walale kwao. Wote watatu waliugua baada ya hapo, na wote watatu walikutwa na kirusi.

Sehemu hii ya kisa hupitwa haraka na wengi wanaoisimulia, kwa sababu hadithi ya mwalimu ina mvuto zaidi. Mimi ninaiona ni nzito vilevile. Mchana kutwa watoto hawa walikaa mita mbili mbalimbali, mlango wazi, mashine inavuma pembeni. Usiku wakalala chumba kimoja. Hakuna sheria ya shule iliyovunjwa. Hakuna mzazi aliyefanya jambo la ajabu, maana wakati ule watu walikuwa wamechoka na mwaka mzima wa kukaa mbali, na mji ulikuwa na watu wengi waliochanjwa. Ila kirusi hakikuwa kinasoma ratiba ya masomo. Kwetu ni binamu waliojazana kwenye godoro moja wikiendi, ni madrasa ya jioni, ni masomo ya ziada nyumbani kwa mwalimu, ni basi la shule lenye watoto watatu kwenye kiti cha wawili. Shule inayotaka kuwalinda watoto inalazimika kuzungumza na wazazi kuhusu saa ambazo watoto hawako shuleni, na kuzungumza nao mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Wale ndugu 4 wa madarasa mengine nao wanaonyesha jambo hilohilo. Mlango halisi kati ya darasa moja na jingine ulikuwa sebule ya nyumbani.

Kinachojulikana na kinachokisiwa

Sampuli 18 zilichambuliwa vinasaba vyote vya kirusi. Zote zilikuwa Delta, aina iliyogunduliwa kwanza India na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipa jina hilo tarehe 31 Mei 2021, mlipuko huu ukiwa bado haujaisha. Kwa wengi wa watu wa Marin jina lenyewe lilikuwa bado geni.

Sampuli ya mwalimu haikupatikana kwa uchambuzi huo. Kwa hiyo kumweka yeye mwanzoni mwa mnyororo ni hitimisho linalotokana na tarehe, na mahali watoto walipokaa, wala halikuthibitishwa na vinasaba. Mwenyewe alisema alihudhuria mikusanyiko ya kijamii kati ya tarehe 13 na 16 Mei, na kwamba hakujua kama alikaribiana na mgonjwa yeyote. Mimi ninauona ushahidi wa safu mbili za mbele kuwa na nguvu, na dalili zake zilitangulia za wengine wote. Hata hivyo ripoti ilifanya vyema kusema pale ushahidi ulipoishia.

Ilifanya vyema pia kuacha jina lake, na jina la shule, nje ya maandishi. Tunaukumbuka unyanyapaa wa mwaka 2020, jirani alivyonyooshewa kidole kwa kuonekana tu akishushwa na gari la wizara ya afya. Mwalimu akianikwa kwa kukohoa darasani, mwalimu wa pili atakayekohoa atameza dawa ya kutuliza na kunyamaza. Taarifa ya Jumapili ile, pamoja na kuchelewa kwake, ndiyo iliyowezesha watoto 22 kati ya 24 kupimwa ndani ya siku tatu nne. Tukiwafanya watu waogope kutoa taarifa, hata hiyo tutaikosa.

Wiki zilezile, Uganda

Wakati wachunguzi wa Marin wakipiga simu kwa wazazi, Delta ilikuwa ikipanda Afrika Mashariki. Tarehe 6 Juni 2021 Rais Museveni alitangaza kwamba shule zote za Uganda zifungwe kuanzia siku iliyofuata, kwa siku 42. Zilikuwa zimefungwa mara ya kwanza Machi 2020 na kufunguliwa kwa awamu. Siku 42 zikapita, na milango haikufunguka kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Kuna watoto wa madarasa ya chini ambao hawakukanyaga darasani kwa karibu miaka miwili. Kenya ilifunga Machi 2020, ikawarudisha wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Tanzania shule za msingi zilifungwa Machi na kufunguliwa tarehe 29 Juni 2020.

Ninazitaja tarehe hizi kwa sababu ndizo zinazonifanya nikichambue kisa cha Marin kwa moyo. Kufunga shule ni kinga, na kuna wakati haina mbadala. Lakini watoto walioilipia bei tunawajua. Wapo wasiorudi, wapo walioingia kwenye vibarua, wapo wasichana waliopata mimba, wapo waliosahau kusoma. Anayetaka shule ibaki wazi wakati wa janga analazimika kujua kwa undani namna ya kuifungua bila kuwatoa watoto kafara, na Marin ni somo la undani huo.

Ya kwao kwenye vyumba vyetu

Mashine za HEPA hatuna, na futi 6 kwenye darasa la watoto 80 wanaobanana watatu kwa dawati ni ndoto. Nilipokuwa ninapima chumba changu kwa hatua miaka ile, niliona nikiwapanga watoto kwa umbali ule ningebaki na watoto 12 na wengine wote wangekaa uwanjani.

Lakini uwanja tunao. Vyumba vyetu vingi vina madirisha ya nondo yasiyo na vioo, au matofali yenye matundu juu ya ukuta, na hewa inapita humo mchana kutwa bila umeme. Hili tusilidharau. Mahali ambapo madirisha yamezibwa kwa maboksi au mbao ili kuzuia jua au wezi, kazi ya kwanza ni kuyafungua. Kipindi cha kusoma kwa sauti, kuimba, kukariri kwa pamoja, kinaweza kwenda chini ya mwembe. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao karibu masomo yao yote ni ya sauti, hilo ni jambo kubwa.

Barakoa zikiwa chache, ya kwanza ni ya mwalimu. Yeye ndiye anayezungumza kwa sauti kubwa, kwa saa nyingi, akiwaelekea wote. Na nafasi kati ya ubao na madawati ya mbele iongezwe kadiri inavyowezekana, hata kama ni kwa kusogeza safu zote nyuma hatua moja. Safu ya mbele kwetu huwa ni ya wadogo kuliko wote, wasioona vizuri na wasiosikia vizuri. Ndio tunaowasogeza karibu na mdomo wetu kwa nia njema.

Ndoo za maji tiririka na sabuni tulizipanga mlangoni mwa kila darasa, na ziendelee. Zinazuia kuhara na kipindupindu kila mwaka, janga liwepo lisiwepo. Ila kwa kirusi kinachosafiri hewani zisitupe utulivu wa uongo. Niliona shule zilizosimamia unawaji kwa fimbo huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Linabaki lile la mwalimu mgonjwa, na hapa ndipo ninapoona shule zetu ziko hatarini kuliko ile ya Marin. Mwalimu wa kwetu akiamka na mafua, anajua kitakachotokea asipokwenda. Hakuna wa kumshikia kipindi. Mwalimu mkuu atachanganya mikondo miwili kwenye chumba kimoja, au watoto 80 watakaa peke yao hadi saa sita. Kupata ED, ile karatasi ya hospitali ya kumruhusu mgonjwa asifike kazini, ni foleni ya nusu siku, kwa hiyo wengi huona heri wajikongoje. Nimejikongoja hivyo mwenyewe, zaidi ya mara moja, nikasifiwa kwa uvumilivu. Ukiweka sifa upande mmoja na foleni upande mwingine, mwalimu mwenye pua iliyoziba ataingia darasani kila mara, na ataita ni mzio, au vumbi, au mabadiliko ya hali ya hewa.

Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji kikao kimoja kabla ya muhula kufunguliwa, ambapo kila darasa linaandikiwa jina la mwalimu wa akiba, na kazi za siku tatu za watoto zinawekwa kwenye bahasha ofisini. Linahitaji makubaliano kwamba siku mbili za kwanza za homa au mafua zinaombewa ruhusa kwa simu, karatasi ya hospitali itafuata. Kamati ya shule na afisa elimu kata wakilibariki, hakuna mwalimu atakayeonekana mtoro. Na mzazi mmoja wa kila darasa anaweza kujitolea kukaa na watoto wakichora na kusoma kimyakimya, akiwa hajui hata hesabu za darasa la pili.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ya mwalimu mkuu inaita, na sauti ya upande wa pili ni nzito puani: "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Nimeamka vibaya, nadhani ni mzio tu, nitajitahidi nije." Mwalimu mkuu anapaswa awe na bahasha ile ofisini, na jina la mwalimu wa akiba kichwani, ili aweze kujibu hapohapo: "Marahaba, mwalimu. Usije. Darasa lako lina mtu."